Rekodi Aliyoitaka Dada Yangu

Dada yangu alikuwa amevuka hamsini alipoamua kwamba jina lake lazima liandikwe kwenye ubao wa klabu ya besiboli ya watu wa Wales. Nimeanza na hilo ili msomaji asije akadhani nasimulia habari za michezo. Mchezo wenyewe sikuupenda sana hata siku moja. Nilikuwa narusha mpira kwa sababu dada alinisajili bila kuniuliza, kama alivyonisajili madrasa tulipokuwa Tanga, na kama alivyonisajili darasa la kuendesha gari kwenye theluji wiki niliyofika Toronto. Mkubwa ni mkubwa. Ukiwa na dada kama wangu, unazoea kuambiwa mambo yako yakiwa yameshaamuliwa.

Besiboli hiyo si ile ya Wamarekani mnayoiona kwenye televisheni. Tulipokuwa tukicheza kwenye bustani kule Weston, karibu na mto Humber, watu waliokuwa wakitembeza mbwa walisimama kutuonea huruma, wakidhani ni wageni tunaojifunza mchezo vibaya. Kila upande una watu kumi na mmoja. Mpira unarushwa kwa chini, mkono ukipita kando ya paja, na gongo lina uso bapa. Mpigaji akishaupiga mpira, hata ukienda nyuma yake, anakimbia kuzunguka nguzo nne. Mpira ukidakwa kabla haujagusa majani, ametoka. Nguzo anayoikimbilia ikiguswa kwa mpira kabla hajafika, ametoka. Kila nguzo anayoifikia kwa pigo lake mwenyewe ni alama moja, ila akisukumwa mbele na pigo la mwenzake hapati kitu. Dada aliipenda sana kanuni hiyo. Alisema ni sheria pekee ya haki aliyokutana nayo tangu ashuke kwenye ndege.

Klabu ilianzishwa na watu wa Wales waliokuja zamani kufanya kazi viwandani. Watoto wao wakakimbilia hoki, wajukuu wakakimbilia simu zao, na wazee wakaanza kupungua mmoja mmoja. Sisi tulipofika, miaka ya elfu mbili mwanzoni, walikuwa wanampokea yeyote anayeweza kusimama kwenye majani Jumamosi nzima bila kulalamika. Alianza Mkenya mmoja aliyekuwa amepanga chumba cha chini kwa bibi wa Kiwelisi. Akamleta mwenzake, mwenzake akamleta shemeji, na mnajua tena watu wetu, ukimwalika mmoja umeualika ukoo. Baada ya miaka kumi zaidi ya nusu ya klabu ilikuwa inagombana kwa Kiswahili uwanjani, na wazee wa Kiwelisi wamebaki kuamua mechi na kuchemsha chai.

Chai ilinywewa kwenye ukumbi wa kanisa ng'ambo ya barabara, na huko ndiko ulikokuwa ubao. Ulikuwa mweusi, mpana kama mlango, umeandikwa kwa rangi nyeupe kwa mkono. Juu kabisa ziliandikwa rekodi: aliyepata alama nyingi katika duru moja, aliyetoa wapigaji wengi katika mechi, aliyecheza misimu mingi zaidi. Chini yake walipangwa wachezaji mashuhuri, na kila mmoja alikuwa na hadithi yake, ambayo mwamuzi wetu mkuu alikusimulia utake usitake. Kulikuwa na mrushaji wa mkono wa kushoto aliyekuwa anavuta kofia hadi machoni, watu wakaapa kwamba anarusha kwa kunusa. Kulikuwa na mama dereva wa basi ambaye hakuwahi kupiga mpira mbele hata mara moja katika maisha yake. Alikuwa anaupindisha nyuma ya kichwa chake, juu ya mlinda nyuma, na kuondoka akitembea. Kulikuwa na ndugu wawili waliokuwa hawasemeshani kwa sababu ya urithi, mmoja akilinda nguzo ya pili na mwingine ya tatu, na walitoa watu wengi kuliko wowote bila kuambiana neno.

Mwamuzi mwenyewe alikuwa mzee wa miaka themanini na zaidi aliyekuwa akija kutoka Richmond Hill na gari lililokuwa safi kuliko sahani zangu. Yeye ndiye aliyeshika rekodi ya alama nyingi katika duru moja. Aliiweka akiwa kijana na hakuna aliyeifikia tangu hapo. Sitaiandika hapa hiyo namba, nimeichoka. Alikuwa mzee mnyoofu, mkavu, asiyesifu mtu ovyo, na nakiri nilimpenda. Klabu ilikuwa na desturi moja: rekodi ikivunjwa, mwenye rekodi ya zamani, kama yu hai, ndiye anayepanda ngazi na kuliandika jina la aliyemshinda, kwa mkono wake, mbele ya watu wote, kisha anamtilia chai. Mzee alikuwa ameshaandika majina ya wengine kwenye rekodi nyingine zake. Hiyo moja ilibaki yake.

Dada aliitaka hiyo hiyo. Hakuitaka ya misimu mingi, ambayo angeipata kwa kuvumilia tu.

Alikuwa mwalimu kule kwetu Tanga, mtu ambaye darasa zima husimama anapoingia. Toronto alifanya kazi kwenye kampuni ya bima, akipokea simu za watu waliokasirika. Siku ya kwanza msimamizi wake aliliangalia jina lake, akacheka kwa upole, akalikata. Kwenye beji wakaandika silabi ya kwanza tu, na ikabaki hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka. Wafanyakazi wenzake walimpenda kwa jina hilo la kipande, wakamwimbia siku ya kuzaliwa kwa jina hilo la kipande. Mimi nilimwambia ajibadilishie tu beji. Akaniangalia kana kwamba sina akili timamu. "Kubadilisha ni kuomba," alisema. "Mimi sitaki kuliomba jina langu mwenyewe." Jumamosi moja, baada ya chai, nilimkuta peke yake mbele ya ubao, akipima kwa shubiri nafasi iliyobaki kwenye mstari wa juu. "Yanaenea yote matatu," akasema, "langu, la baba na la babu."

Nisiseme uongo, alikuwa mpigaji hatari. Utoto wake aliumalizia kwenye rede, ule mchezo wa wasichana ambapo wawili wanakurushia mpira huku na huku na wewe uko katikati unajaza mchanga kwenye chupa. Ukizubaa, umepigwa wa mgongo. Anayekaa muda mrefu katikati anajifunza kusoma bega la mrushaji kabla mpira haujamtoka mkononi. Kwa hiyo dada alipokuwa ameshika gongo, hakuangalia mpira kabisa. Aliangalia bega. Misimu mitatu mfululizo aliikaribia ile rekodi, na mara zote akatoka karibu na mwisho, mara kwa kudakwa, mara kwa mvua, mara kwa goti lake la kulia kumsaliti kati ya nguzo ya pili na ya tatu.

Goti ndilo lililomaliza mjadala. Mwaka huo daktari alimwambia watalifanyia upasuaji majani yakianza kudondoka, na baada ya hapo atembee anavyotaka, ila kukimbia asahau. Ilibaki mechi moja, ya kufunga msimu, ambayo kila mwaka klabu iligawanyika pande mbili: wanaoishi mashariki ya mtaa wa Yonge dhidi ya wanaoishi magharibi. Dada, mtu wa Scarborough, alikuwa mashariki. Mimi, mtu wa Weston, nilikuwa magharibi, na mimi ndiye niliyekuwa nawarushia.

Jumapili kabla ya mechi alikuja kwangu. Alikaa jikoni, akanyoosha mguu juu ya kiti cha pili, akaweka pakiti ya njegere za kwenye friza juu ya goti.

"Nisikilize, mdogo wangu," akasema. "Jumamosi usinionee huruma."

"Nani amesema nitakuonea huruma?"

"Nakujua. Utanirushia mpira kama unamrushia kuku mtama. Ukifanya hivyo, mimi na wewe basi. Nikiipata, niipate kama alivyoipata yule mzee."

Nilimwambia sawa. Alinifanya nirudie. Nikarudia, tena nikiwa nimeudhika kidogo, maana mimi kazi yangu ni kukagua lifti za maghorofa. Nimeshafunga lifti za majengo yenye wagonjwa na wazee huku wakinilaani usoni, kwa sababu kamba moja ya chuma ilikuwa imelika. Mtu wa namna yangu hahitaji kuambiwa mara mbili asipindishe jambo.

Jumatano nahodha wetu wa magharibi akapiga simu. Ni yule yule Mkenya wa chumba cha chini, ambaye sasa alikuwa na nyumba yake, mke na sauti ya mtu anayependa kuongoza vikao.

"Buda, sikiza," akasema. "Nimeongea na watu wote. Jumamosi tunampatia mathe rekodi yake."

"Mnampatiaje?"

"Ni kama harambee tu. Kila mtu anatoa kidogo. Mimi naangusha mpira mmoja, yule mfamasia wetu anachelewa kugusa nguzo, yule mwingine anateleza. Hakuna mtu anatoa kubwa, lakini ikijumlishwa inatosha. Wewe kazi yako ni kumrushia polepole."

Akaendelea, na sauti ikashuka.

"Koti langu la kwanza la baridi nilinunuliwa na yeye. Na si mimi peke yangu. Yule mama ametupokea wote uwanja wa ndege. Sasa anaenda kukatwa goti. Unataka aende na nini?"

Alikuwa anasema kweli. Kabati la dada pale Scarborough lilikuwa limejaa makoti ya kila kipimo aliyoyanunua kwenye maduka ya mitumba majira ya joto, yakiwa bei chini, akiyaweka kwa ajili ya watu ambao walikuwa hawajafika bado. Hisani haiozi, wahenga walisema, na kwetu sisi mtu aliyetenda wema hutunzwa mbele za watu. Kwenye harusi tunamtunza bibi harusi na mama yake, kwenye mahafali tunamtunza mwanafunzi. Hakuna hata mmoja kati ya wachezaji wenzangu aliyeona kwamba anafanya udanganyifu. Waliiona rekodi kama kitenge, kitu unachoweza kumvika mtu mabegani huku mnaimba.

Nilimwambia nahodha nitafikiria. Akasema, "Hakuna kufikiria, buda, imepita." Nikakata simu, na tangu hapo hadi Jumamosi sikula vizuri. Nikimwambia dada, nimewachongea watu wanaompenda. Nikimnyamazia na kurusha polepole, nimemvunjia ahadi niliyoirudia mara mbili jikoni kwangu. Na zaidi ya yote nilimwogopa mzee wa Richmond Hill. Yule angegundua. Nilikuwa nauona mkono wake ukisimama hewani na brashi ya rangi, mbele ya ukumbi mzima, akisema hawezi kuandika. Aibu hiyo dada asingeimaliza.

Jumamosi kulikuwa na jua zuri la mwisho wa msimu, na watu walikuja wengi kuliko kawaida. Nilipoona masufuria ya pilau yanashushwa kwenye magari nikajua habari imeenea. Hata watu wa msikitini na kanisani ambao hawajawahi kuona mechi walikuwa wameleta viti vyao. Dada alifika na basi, kama siku zote, amevaa kifunga goti cheusi juu ya suruali. Aliwasalimia wote, akaniruka mimi.

Mechi ina duru mbili kwa kila upande, na duru haiishi mpaka wapigaji wote wametoka; ambaye hajatoka anarudi kupiga zamu yake ikifika. Katika duru ya kwanza mpango uliharibika mapema, kwa sababu walimsahau mwanafunzi mmoja aliyekuwa amejiunga wiki hiyo hiyo, kijana kutoka Mwanza, hakuna aliyemwambia kitu. Dada alipiga mpira mrefu, na yule kijana akakimbia, akaruka, akaudaka kwa mkono mmoja. Alitua anacheka, akatazama huku na huku akitafuta wa kumpongeza. Nahodha alimwendea na kumnong'oneza kwa muda mrefu. Kijana wa watu akarudi mahali pake ameinamisha kichwa. Mimi nilishusha pumzi, nikajiambia labda Mungu ameamua mwenyewe.

Lakini ilibaki duru ya pili.

Duru ya pili dada alianza kwa kupiga kama mtu mwenye ugomvi. Mipira miwili ya kwanza niliirusha vizuri, akaipeleka mbali kwa haki, akazunguka nguzo zote, akachechemea kidogo, akarudi kungoja zamu. Zamu yake iliporudi, akapiga mpira wa juu ulioanguka mikononi mwa nahodha. Nahodha aliushika, akauachia, akajitupa chini kama golikipa wa sinema. Watazamaji wakaguna. Zamu iliyofuata, mfamasia wetu aliyelinda nguzo ya pili, bwana mmoja wa Kiismaili aliyezaliwa Dar es Salaam, mpole kupita kiasi, alipokea mpira huku dada akiwa bado mbali. Akasimama nao mkononi, akaitazama nguzo kana kwamba imehamishwa. Dada alipita mbele yake akihema. "Pole, dada," nilimsikia akisema, kwa adabu kabisa.

Alama zikapanda. Kila pigo lake lilikuwa linaokolewa na mtu. Wenzake wa mashariki walikuwa wanatoka mmoja mmoja, yeye amebaki. Mzee wa Richmond Hill akanijia kutoka mahali pake pa uamuzi, mikono nyuma, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kwao kilichokuwa kinapanda na kushuka: watu wako wana nini leo na mikono yao? Nikasema jua. Akaliangalia jua, ambalo lilikuwa nyuma yetu. Akasema hapendi anachokiona, akarudi mahali pake. Nikaufuta mpira kwenye suruali.

Ikafika mahali alihitaji nguzo mbili tu ili aipite rekodi. Mwandishi wa alama alilitangaza hilo kwa sauti. Dada alikuja kushika gongo. Kabla hajajiweka sawa, alisimama akawatazama wachezaji wetu, mmoja baada ya mwingine, nahodha, mfamasia, yule kijana wa Mwanza aliyekuwa anaangalia viatu vyake. Aliwatazama taratibu, kama mwalimu anayehesabu darasa. Kisha akanitazama mimi.

Nimeufikiria mtazamo ule mara nyingi kuliko nilivyofikiria kitu kingine chochote kilichotokea kwenye nchi ile. Midomo ilikuwa imefungwa. Macho yalikuwa yameloa kidogo, nikadhani ni vumbi. Nilichokiona ni onyo. Nilimwona dada yangu wa jikoni, amenyoosha mguu, ananiambia mimi na wewe basi. Nikasema moyoni, ameshawajua, amebakiwa na mimi tu wa kumheshimu.

Nahodha akaita kutoka pembeni, kwa sauti ya chini, "Pole pole, buda."

Nikarusha mpira wangu bora. Sijui kama nimewahi kurusha mwingine kama ule. Ulienda chini, wa kasi, ukajipinda ndani kuelekea gotini. Dada alikuwa ameshalisoma bega, bila shaka, akaupiga, lakini uligusa sehemu ya juu ya gongo na kupanda wima angani, juu yangu, juu ya miti ya mtoni. Ulikaa huko juu muda mrefu. Nilisikia nahodha akipiga kelele, "Wachana nayo! Wacha ianguke!" Nilisikia viatu vya dada vikikimbilia nguzo ya kwanza, kimoja kizito, kimoja chepesi. Watu walikuwa wanaimba jina lake lote, yote matatu, nadhani nahodha alikuwa amewafundisha.

Niliinua mikono, mpira ukaingia, nikaushika.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee alinyanyua mkono kuonyesha kwamba mpigaji ametoka, akaushusha haraka, kama mwenye haya. Dada alikuwa ameshafika nguzo ya kwanza na kuipita, akasimama katikati ya njia kuelekea ya pili, mikono kiunoni, anavuta pumzi.

Ukumbini nilikaa peke yangu. Mwisho wa meza ndefu palikuwa na viti sita vitupu kunizunguka, na watu wakasimama na sahani zao kuliko kuja kukaa. Nahodha alipita na pilau lake, akasimama nyuma yangu. "Wewe ni mtu wa aina gani?" akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli. Aliyekuja kukaa ni mzee wa Richmond Hill. Alinishika mkono, akasema hajaona udakaji kama ule kwenye uwanja ule tangu ujana wake, na kwamba pale mwisho alianza kuogopa kuwa klabu yake imekwisha. Nilimshukuru.

Dada ndiye aliyeniokoa, au hivyo nilidhani. Aliinuka katikati ya ukumbi, akagonga kikombe kwa kijiko, akasema kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza kwamba anawashukuru wote kwa miaka yote, na kwamba wasimnunie mdogo wake. "Huyu nilimlea mimi," akasema. "Nilimfundisha kusema kweli, leo amenilipa." Watu wakacheka kwa kulazimika. Alicheka pia, kwa sauti kubwa, akala, akafunga pilau la kupeleka nyumbani, akawabusu watoto wa watu. Mimi nikaanza kupata ahueni. Nikanyoosha mgongo. Nadiriki kusema nilianza kujiona shujaa kidogo.

Nilimwambia nitampeleka kwake kwa gari, goti lile lisipande mabasi. Akakubali. Tulipita barabara kuu mashariki, jua likiwa nyuma yetu bado, na maghorofa ya Scarborough yakaanza kujitokeza. Nilikuwa naongea peke yangu. Nilimweleza mpango wa nahodha wote, simu ya Jumatano, harambee, nani alipangiwa kuangusha na nani kuchelewa. Nilimweleza jinsi nilivyokosa usingizi. Nilikuwa nangoja aseme neno moja zuri. Alikuwa anaangalia nje ya dirisha, mkono juu ya goti.

Nilisimamisha gari mbele ya jengo lake. Hakushuka.

"Nilishawajua," akasema. "Tangu nahodha alipojitupa chini. Nani anaanguka vile?"

"Ndiyo maana ukaniangalia," nikasema. "Nilikuelewa."

Akageuka. Alikuwa analia, na dada yangu si mtu wa kulia. Alipomzika baba hakulia mbele yetu.

"Ungeniachia," akasema.

Nilisema kitu, sijui nini, nadhani nilimkumbusha maneno yake ya jikoni. Alitikisa kichwa.

"Najua nilichosema. Nilisema kabla sijawaona. Watu wazima wale, wanaangushaangusha mpira kwa ajili yangu, mwingine ananiambia pole, dada. Hakuna mtu katika nchi hii aliyewahi kunipa kitu bila mimi kukiomba. Nikasema basi, nitapokea. Nikakuangalia ili ujue nimekubali." Akajifuta kwa kiganja. "Nilidhani wewe utajua."

Akachukua mfuko wake wa pilau, akafungua mlango, akautoa kwanza mguu mbovu, kisha mzima. Alitembea taratibu hadi kwenye mlango wa vioo, akautafuta ufunguo, akaingia bila kugeuka. Mimi nilibaki nimeshika usukani wa gari lililozimwa, hadi mtu wa nyuma aliyetaka kuegesha aliponipigia honi.